Mguu wa Kushoto

Leo mama amechemsha majani ya mkaratusi kwa ajili ya mafua ya papa. Papa amejifunika blanketi juu ya sufuria, na harufu hiyo imenirudisha kilimani, juu ya mji, siku niliyomdanganya.

Nilikuwa mdogo. Papa alitaka kunionyesha borne, nguzo fupi ya saruji aliyoisimamisha huko juu na wapimaji wa ardhi, alipokuwa kijana wa kuwabebea vyombo. Njia nzima aliongea habari zake. Mimi nilitaka kurudi kuruka kamba na wenzangu, basi nikaanza kuchechemea.

"Papa, mi siwezi tena. Mguu inaniuma."

"Vumilia kidogo, mama. Ni pale tu, kwenye ile miti."

"Apana! Inaniuma sana!"

Akachuchumaa mbele yangu. "Mguu gani?"

Nikamwonyesha wa kushoto. Kumbe nilikuwa nikichechemea kwa wa kulia.

Papa aliutazama mguu, akanitazama mimi, kisha akaitazama ile mikaratusi kwa muda mrefu. Akageuka, akanipa mgongo.

"Panda."

Alinibeba mpaka chini, shati lake likiwa limelowa jasho, na habari ya borne hakuigusa tena. Siku hizi magoti yake yanashindwa hata ngazi za shule yangu.

Sasa hivi ametoa kichwa kwenye blanketi, uso umelowa, ananitazama.

"We mama, unalia nini?"

Nimemwambia ni mvuke.