Blanketi la Mama Eliza

Hili naona aibu kulisema. Juzi, kwenye baridi ya Lukozi, nilimfanyia upasuaji mbuzi wa Mama Eliza, mbuzi wake pekee wa maziwa, aliyekuwa amekula mfuko wa plastiki. Nikamhubiria mama wa watu: mnyama aliyechomwa sindano ya usingizi hawezi kujipasha joto, akiachwa wazi atakufa. Akakimbia kutoa blanketi kitandani kwake, akamfunika, akaenda kunipikia chai.

Ukungu ukaingia bandani nilikokaa kungoja mbuzi azinduke. Nikavuta pindo la blanketi, kidogo tu, nifunike magoti. Kisha kidogo tena. Bwana mifugo mzima!

Mama aliporudi na kikombe, blanketi lilikuwa shingoni kwangu na mbuzi anatetemeka.

“Kaa nalo tu, mwanangu,” alisema. “Naona baridi imekuzidi.”

Akavua sweta lake, akamfunika mbuzi.