Mwosha buti aliyewapata sokwe waliopotea

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu bado umelalia paa la geti, na Mama Buti ameshachuchumaa mbele ya beseni lake. Mgeni anaweka mguu juu ya kigogo. Mama anamshika kisigino, anasugua soli kwa brashi ngumu, anaichovya kwenye dawa, kisha anasema bila kuinua macho, "Wa pili."

Hakuna anayeingia kwenye hifadhi hii ya msitu wa mvua, wala anayetoka, bila kupita mikononi mwake. Dawa hiyo inawakinga sokwe na maradhi yanayobebwa na viatu vya watu. Ni kazi aliyoifanya miaka tisa, na kwa muda wote huo hakuwahi kuvuka geti mwenyewe.

"Watu wanatoka huko macho yamewatoka pima, kila mmoja anataka kunisimulia," anasema. "Mimi nasikiliza huku nasugua. Sokwe nilikuwa nawajua kwa habari tu, kama mawifi walioolewa mbali."

Lakini tope alilijua. Jekundu ni la njia ya maporomoko. Jeusi linalonuka majani yaliyooza ni la kinamasi. Waongoza wageni walimtania kwamba anasoma soli kama wenzake wanavyosoma gazeti.

Mwezi uliopita dhoruba iliangusha miti mingi, na kundi la sokwe arobaini na mmoja waliozoea watu likahama bila kuacha dalili. Wafuatiliaji walizunguka siku nane, wakarudi wamelowa chapachapa bila kuona hata mmoja. Siku ya tisa vibarua wa getini wakaambiwa kwamba kundi lisipoonekana hadi mwisho wa wiki, watasimamishwa, kwani wageni hawatakuja. Mama Buti, mama wa watoto watatu walio shuleni, akaanza kupiga hesabu ya karo.

Jioni hiyo hiyo akafika mtaalamu wa kuhesabu ndege, mtu mpole ambaye getini wanamwita Bwana Ndege. Alikuwa ametokea bonde la mbali, upande ambao watalii hawafiki. Mama Buti alipokuwa akichokonoa soli yake, akakuta kibonge kilichobanwa bapa: maganda na nyuzi za tini za mwituni, zilizotafunwa, zikakamuliwa, zikatemwa.

Alishasikia mara nyingi kwamba sokwe hula tini namna hiyo, hufyonza utamu na kutema makapi. Akakigeuza, akaona alama za meno. Bado kilikuwa kibichi. Alipomuuliza mwenye buti, akajibiwa kwamba alipita huko kwenye ukungu mzito na hakuona kitu.

Mama Buti aliacha buti ya pili na tope lake, akakifunga kibonge kwenye leso, akaenda ofisini kwa mkuu wa waongoza wageni, mzee aliyekula miaka thelathini ndani ya msitu. Anakiri kwamba alipofika mlangoni aliona haya, nusura arudi. Mkuu alikigeuzageuza kile kibonge, akakinusa.

"Umekitoa wapi, mama?"

"Kwenye soli ya Bwana Ndege."

"Wewe una buti?"

"Miaka tisa naosha za wenzangu. Zangu sina."

"Tafuta. Kesho unaingia na sisi."

Mumewe, fundi seremala, alimpa zake za mpira. Zilikuwa kubwa kama mitumbwi, wakazijaza matambara. Asubuhi akaziosha mwenyewe getini, wenzake wakimpigia makofi, akavuka.

Walitembea saa nne. Aliteleza mara tano, na kila mara aliinuka akicheka. Karibu na mto wa bonde la mbali mkuu aliinua mkono, wote wakasimama, wakavaa barakoa. Ndipo sauti ikaanza kupanda kutoka bondeni, moja, kisha kumi, hadi akaisikia ikimtetemesha kifua.

Sokwe walikuwa wamejaa kwenye mti mmoja mkubwa wa tini, wakila kama watu wa harusini. Mkuu alimnong'oneza ahesabu. Akapata arobaini na wawili. Akaambiwa arudie, akapata hao hao. Yule wa ziada alikuwa kichanga, uso mweupe kama karatasi, ameng'ang'ania tumbo la mama yake.

"Niligeuka nimwambie mkuu, nikakuta mzee wa watu anafuta machozi," anasema. "Basi na mimi nikayaachia."

Wiki hiyo hakuna kibarua aliyesimamishwa. Sasa wafuatiliaji wanapotoka msituni humpitia kwanza, naye huwaeleza soli zao zinasema nini kabla hawajaandika ripoti.

Baada ya miezi sita anafanya mtihani wa waongoza wageni. Atatakiwa kutembea kutwa na kutambua ndege sitini kwa sauti. Bwana Ndege amemrekodia sauti hizo kwenye simu, na mumewe analalamika kwamba nyumba imegeuka kiota. Mama ameshafika ndege wa thelathini na nane.

Wageni wake wa kwanza anawajua: mume na wale watoto watatu.

"Nimeshawaonya," anasema, akikung'uta brashi. "Huko ndani hakuna mke wala mama. Kuna kiongozi. Na kiongozi akisema kimya, ni kimya."