Siku Niliyomrudisha Nyuma Baba Yake Tamali

Enzi zetu, tukiwa darasa la saba, rafiki yangu Yotamu alinishawishi nisimpishe mzee mmoja darajani, nami nikakubali. Laiti ningekataa.

Shule yetu ya mazoezi ilikuwa ndani ya chuo cha ualimu, huku kwetu Mbozi, ng'ambo ya korongo. Tulivuka kwa daraja lililoning'inia kwenye nyaya nene, mbao zikilia kila hatua. Asubuhi ukungu ulijaa korongoni. Maji huyaoni, unayasikia tu. Mifukoni tulikuwa na viazi vya kuchoma, vikituunguza mapaja. Tulilibembeza daraja mpaka wasichana wapige mayowe, isipokuwa Tamali. Yeye alicheka: "Ongeza basi, au umechoka?" Kwa ajili yake nilichelewa namba ya asubuhi shuleni mara nyingi, na fimbo nilizila kwa furaha.

Daraja lilikuwa la upana wa mtu mmoja. Mkikutana katikati, mdogo alirudi kinyumenyume hadi alikotoka, akapiga makofi taratibu kuamkia, mkubwa akapita. Mama alituonya kila siku: "Ukisikia mbao zinalia mbele yako, tazama kwanza ni nani." Vijana wa leo husimama pale katikati kujipiga picha, midomo wameibinua kama wanapuliza chai, na mzee ndiye anayewakwepa. Siwezi kuwasema sana. Mimi niliwatangulia.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi nyumbani, mimi mbele, Tamali na wenzetu nyuma. Baba yake Tamali akaja na kapu la maparachichi kichwani, akiyapeleka chuoni. Nyuma yangu Yotamu akanong'ona, "Kaka mkuu mzima unarudi nyuma kama kaa? Tamali anakutazama!"

"Nipishe, mwanangu, kapu zito," alisema mzee.

"Nimeshafika katikati, baba."

Hakugomba. Alirudi nyuma, akipapasa kila ubao kwa kidole cha mguu, parachichi moja likadondokea korongoni. Wavulana tulicheka njia nzima. Tamali hakucheka. Nilijua nimekosea, nikasema wiki ijayo nitakwenda kumwomba radhi. Wiki hiyo nikaiahirisha mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Ndipo wazee wetu wakapeleka posa. Baba yake Tamali aliwapokea vizuri, akawachinjia kuku, wakala wakashiba. Kisha akauliza, "Ni yule wa darajani? Amewahi kuwatuma mniombe radhi?" Wazee wakakiri kwamba sijawatuma. "Basi binti yangu simpi mtu asiyejua kurudi nyuma."

Tamali aliniambia mwenyewe kwamba alinitaka, lakini asingemkaidi baba yake. Akaolewa Tunduma.

Siku hizi daraja limepanuliwa, watu wawili wanapishana bila kugusana mabega wala kuamkiana. Ni zuri, imara, halilii. Mimi bado nalipenda lile jembamba, lililotulazimisha kutazamana usoni. Yotamu simlaumu, miguu ilikuwa yangu. Kwa kutompisha mzee yule nilimkosa Tamali, na sikuoa kamwe.