Sehemu ya Mwisho Haikutafsiriwa

Mnivumilie kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika nikiandika vipimo vya nguo tu. Nikiharakisha naruka herufi, kwa hiyo karatasi hii imenichukua jioni tatu. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni nilivyokusudia.

Nataka kueleza ile wikiendi, maana hasira yake haijanitoka.

Tulikuwa watatu. Mimi wa hapa Kimandolu, rafiki yangu mshonaji niliyejifunza naye cherehani, na wa tatu anayekaa Njiro. Huyu wa Njiro amefika kidato cha nne na hatuachi tusahau. Mshonaji alikuwa anahamia Dodoma Jumatatu, shangazi yake kamtafutia kazi.

Kwa miezi miwili tulikuwa tunaangalia tamthilia moja ya kigeni ya dada wawili. Mkubwa alimnyang'anya mdogo nafasi ya shule, akaenda nayo mjini, akapotea miaka ishirini. Sasa amerudi, amesimama nje kwenye mvua. Mdogo yuko ndani, ameshika kitasa cha mlango. Ikakatikia hapo. Ilibaki sehemu moja, na tuliahidiana kwamba hakuna kuiangalia peke yako. Tutaimaliza wote kabla mwenzetu hajasafiri.

Mimi si mtu wa kualika watu. Mbele ya wageni hata kikombe naogopa kukiweka chini kisije kikalia. Lakini safari hii nilisema mwenyewe, njooni kwetu, mlale. Nikaenda kwenye kibanda cha kuweka filamu kwenye flashi, nikamwambia kijana, "Ya mwisho, iliyotafsiriwa." Akasema sawa.

Jumamosi asubuhi wakaja. Kabla sijawasha televisheni, wa Njiro akatoa ludo kwenye mkoba.

"Mchezo mmoja tu, tuchangamke."

Mmoja ukawa minne, kwa sababu yeye akishindwa mchezo unakuwa haujaisha.

"Umesogeza sita, na umepata tano," nikamwambia.

"Shosti, wa cherehani unanifundisha mimi hesabu?"

Mshonaji akacheka. Nikaokota dadu, nikarusha. Lakini ilikuwa tano.

Ndiyo kwanza nachomeka flashi, mama akaingia amebeba viti vya plastiki.

"Jumuiya inasali hapa leo."

"Mama, si zamu yetu ni wiki ijayo?"

"Tumebadilishana, mwenzetu anauguliwa. Zima hiyo, ifunike kitambaa."

Wakaja akina mama kumi na watatu. Tuliwaamkia shikamoo mpaka midomo ikakauka. Tukaimba, tukasali, tukagawa chai. Nikawa naangalia mlango, nikisubiri wa kwanza aage. Badala yake mwenyekiti wa jumuiya, bibi mmoja mwenye sauti nzito, akanyoosha kidole kwenye kile kitambaa.

"Wajukuu zangu, mlikuwa mnaangalia nini?"

Wa Njiro, wala hakuulizwa yeye peke yake, akaeleza yote. Nafasi ya shule, mvua, kitasa.

"Hebu tuone na sisi."

"Tumefika ya mwisho, bibi," nikasema.

"Sasa mwisho tutauelewaje bila mwanzo?"

Ungemjibu nini mtu wa umri wa bibi yako, kwenye sebule ya mama yako, ametoka tu kuwaombea? Nikaweka sehemu ya kwanza. Mama akaingia jikoni akatengeneza loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, maana wageni wakikaa lazima wale, na wakishakula wanakaa zaidi. Wakalia. Wakamtukana dada mkubwa kwa Kimeru na kwa Kiswahili. "Mwone alivyo na macho makavu!" Kila aliyetoka nje kidogo akirudi anaomba turudishe nyuma. Waliondoka jua linazama, hata nusu ya hadithi hawajafika, wakasema tumewafurahisha sana na Jumamosi ijayo tuwamalizie.

Nikashika rimoti. Mama akapapasa mgongo wa televisheni.

"Imechemka hii. Iacheni ilale."

Jumapili tukaenda ibada ya kwanza, tukarudi mbio. Tukakaa, nikawasha. Dada mkubwa akafungua mdomo kwenye mvua, na sauti ya mtafsiri haikuja. Nikaongeza sauti. Hamna. Kijana kaniwekea isiyotafsiriwa, na kibanda Jumapili kimefungwa. Chini yanapita maandishi ya Kiingereza, yanakimbia kama yanadaiwa.

"Tulieni," akasema wa Njiro. "Nitawatafsiria."

Dada mkubwa akaongea sana, mkono kifuani, machozi yanachuruzika. Tukasubiri.

"Anasema pole."

"Yote hayo ni pole?" akauliza mshonaji.

"Pole sana."

Mdogo akajibu, naye kwa kirefu.

"Anasema... kuna habari ya mahindi."

"Mahindi yametoka wapi tena?"

"Mnanichanganya! Nyamazeni nisome!"

Nikawa nasimamisha picha kila mstari ili asome. Mistari ni mingi. Tukiwa katikati, honi ya pikipiki ikalia nje. Kaka yake mshonaji amemfuata, mizigo haijafungwa.

"Dakika kumi tu," nikamwomba.

"Kaka hatangoja." Akanikumbatia. "Malizia, utanisimulia. Ila usinidanganye."

Wa Njiro akatoka naye kumsindikiza, hakurudi. Nikabaki na rimoti.

Nilimaliza peke yangu, mara nne. Wanaongea kupitia mlango, mdogo analia, halafu anacheka, halafu tunaonyeshwa mlango umefungwa na mvua imekatika. Mkubwa yuko ndani au ameondoka, sijui. Yule wa kibanda anasema aliyekuwa anatafsiri ameacha. Wa Njiro nilimrudia, akasema mwisho wenyewe ni wa kujaza mwenyewe. Hakusoma huyo.

Mshonaji amenitumia ujumbe kutoka Dodoma: "Alimfungulia?" Sijamjibu mpaka leo. Na bibi wa jumuiya ananiuliza hilohilo kila Jumapili mlangoni mwa kanisa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama uliiona tamthilia hiyo na Kiingereza unakijua kweli, niandikie. Usiniambie kwamba cha maana ni tulivyokaa pamoja, hilo nalijua. Niambie tu kama alimfungulia. Andika kwa herufi kubwa, maana hata kusoma nasoma polepole.