Kuagwa Kabla ya Viza

Kosa letu lilikuwa kuagwa mapema. Viza ilikuwa bado, lakini mama alikuwa ameshawaambia akina mama wa kanisa kwamba naenda Ujerumani kutunza wazee, na ukishawaambia wale, basi. Jumamosi wakajaa nyumbani kwetu mtaa wa Ziwani na sufuria za pilau, wakaniwekea mikono kichwani, wakaomba hadi majirani wakafungua madirisha. Wakanipa sweta na leso tatu. Jumanne nikapigiwa simu: kuna karatasi moja haiko sawa, ningoje.

Ningoje wapi sasa? Mtaani kwetu mtu akiagwa halafu aonekane kesho yake akinunua sukuma wiki, atasemwa mpaka ahame. Nilimwambia mama sitoki nje. Akanitazama, akabeba sanduku langu kabla mtaa haujaamka, akanipeleka Eastleigh na kunikodishia chumba cha lojing'i. Kwa miguu, haifiki nusu saa kutoka kwetu.

Nilikaa humo wiki tano. Dirisha lilitazama ukuta, na huko chini wauza vitambaa walipiga kelele kutwa. Kila jioni mama aliniletea ugali na mboga. Na kila Jumapili, mama yangu huyu aliyenichapa utotoni kwa kusema nimeoga na sijaoga, alisimama mbele ya kanisa akawaambia nimefika salama, kuna baridi kali, nawasalimia wote. Alinisimulia hayo akinipakulia chakula, bila kuniangalia. Niliona haya kwelikweli. Nilitaka kumwambia aache. Nikala tu.

Viza ilipotoka, yeye peke yake ndiye aliyenisindikiza.

Huu ni mwaka wa tatu niko huku, na nimechoka. Sisemi mgongo, ingawa mgongo nao una yake. Naamka saa kumi alfajiri, naogesha wazee, nabadilisha shuka, naandika nani amekunywa maji na nani amekataa, kwa lugha ambayo bado inanitoa jasho. Sina wa kumlaumu. Wenzangu kazini ni watu wazuri, na kuna bibi mmoja ananipenda hata huniita kwa jina la binti yake. Lakini nikirudi chumbani nakula mkate nimesimama, na siku nzima inapita bila mtu kuniuliza niaje. Watu wa nyumbani wanadhani ukifika majuu umemaliza. Umemaliza nini? Nimefikiria kurudi mara nyingi, na kila mara namwona mama amesimama pale mbele ya kanisa. Nitarudije, na mama wa watu alidanganya kwa ajili yangu, tena madhabahuni?

Mwezi uliopita nikashindwa. Nilimpigia wakati wa mapumziko, nimekaa kwenye ngazi za nyuma na aproni yangu ya kazi, nikamwambia yote: sitaki tena, nataka nyumbani, ila naogopa aibu atakayoipata yeye.

“Rudi, mama,” akasema. “Jumapili nitasimama niwaambie umechoka. Angalau hilo ni kweli.”