Gobori la Vitovu

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mikelenge, mjini Kindu, bunduki ilipakwa mafuta kabla yetu. Mawese yakibaki kidogo chupani, sisi tulikwenda shuleni miguu imepauka kama tumekanyaga majivu, lakini gobori la marehemu babu liling'aa. Lenyewe lilikuwa halijaua hata kanga tangu nizaliwe. Nyundo yake iling'oka zamani, na mtutu ulikuwa umeziba kwa kutu.

Mwenye amri hiyo alikuwa Koko Zaina, mama yake marehemu baba yangu. Babu alikuwa mwindaji. Alitoboa shimo kwenye kitako cha mbao, akalifunika kwa ngozi ya kenge iliyoshonwa, na ndani yake Koko aliweka vitovu vya watoto wake, vile vipande vikavu vinavyodondoka siku za kwanza. Watu wengine huzika kitovu chini ya mgomba, mambo yakaisha. Koko wetu alitaka vikae katika kitu ambacho, hata kikienda porini, jioni kinarudi nyumbani.

"Kitovu njo njia ya muntu ya kurudia," alisema. "Mwenyewe akiwa mbali, usifungue. Ukifungua, njia inakatika."

Aliyekuwa mbali ni Baba mdogo Sefu, mtoto pekee wa Koko aliyebaki hai kati ya wanne. Alikwenda Kalima kuchimba kasiterite, mawe ya bati, vita ikafunga barabara nyuma yake. Hakuna aliyejua kama anachimba bado au amekwisha kuchimbiwa. Basi lile gobori likawa halisogezwi ovyo, halirukwi, wala mtu mwenye hasira hakai karibu nalo. Nyumba nzima ilikuwa na hasira, kwa hiyo tulikaa nje.

Siku milio ya risasi ilipovuka mto na kutufikia, mama alifunga unga, chumvi na sufuria yetu moja. Koko alifunga bunduki. Aliiviringisha kwenye mkeka pamoja na vijiti vya muhogo vya kupanda, akajitwika.

"Mama, uiache!" mama yangu alisema. "Batatukuta na bunduki, batatuua shiye bote!"

"Hii haiko bunduki."

"Iko nini basi?"

"Iko Sefu."

Jibu kwa mtu wa namna hiyo ni nini? Mpaka leo, na mvi zimeanza kunitoka, nikilikumbuka jibu hilo natamani kupiga meza. Watu walikuwa wanauawa kwa sababu ya kisu cha kumenyea muhogo, na sisi tunatembea na silaha kichwani kwa ajili ya kipande cha ngozi kikavu. Nililia njia nzima, si kwa woga, kwa hasira. Nilimwambia aitupe mtoni. Akaniambia nitembee.

Kwenye kizuizi, kijana mwenye bunduki nzima alichoma mzigo kwa mtutu wake. Chuma kikagonga chuma. Mama alinivuta nyuma ya kitenge chake. Kijana alifungua mkeka, akaliinua lile gobori, akachungulia mahali pa nyundo, kisha akacheka hadi wenzake wakaja.

"Koko, iko na risasi?"

"Iko na batoto bangu."

Kicheko kikakatika. Alipapasa ile ngozi ya kenge kwenye kitako, akachomoa kisu. Koko hakupiga kelele. Alimwangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyechelewa kurudi kutoka kisimani.

"Kata, mwanangu. Lakini kwanza uniambie: kitovu chako, mama yako alikiweka wapi?"

Kijana alisimama na kisu chake. Alikuwa na ndevu chache tu za kuhesabika. Akarudisha kisu, akalilaza gobori juu ya mkeka kwa mikono miwili, akasema, "Mupite." Kisha, ili isionekane kwamba ameshindwa, akachukua sufuria.

Hebu fikiria. Katika vita nzima ya Maniema, sisi ndio tulioachiwa bunduki tukanyang'anywa sufuria. Msimu mzima tulikula muhogo wa kuchoma msituni, na kila nilipopaliwa na majivu nililitazama lile gobori limeegemezwa mtini, limepakwa mafuta.

Vita ilipotulia, Baba mdogo Sefu alirudi. Aliingia uani anakohoa, amekonda, akauliza kama kuna chakula.

"Munaona?" Koko alisema.

"Nimerudi kwa sababu barabara imefunguliwa," Sefu alisema. Koko hakumsikia. Alikuwa anamshika masikio kama anahakikisha ni yake.

"Basi sasa fungua," nilimwambia Koko. "Amefika. Vizike, tupumzike."

"Bado."

"Bado nani?"

"Bado."

Safari yangu ya masomo ilikuwa imekwisha pangwa, nikaondoka Kindu na hasira hiyo. Nilisoma Kisangani, nikaolewa huko, nikazaa huko, na kila Koko alipotuma salamu kwamba nirudi, niliona njia ni ndefu. Nilirudi kwenye matanga yake.

Siku ya tatu, Baba mdogo Sefu, aliyechoka kuishi na bunduki iliyosemekana ni yeye, alilikalia gobori uani na kukata nyuzi. Alitaka chuma kiende kwa mhunzi. Kutoka kwenye kitako vilidondoka vifurushi vinne vyeusi, vimekauka kama kokwa. Akatikisa tena. Kikatoka cha tano.

Hicho kilifungwa kwa kitambaa chenye maua ya manjano. Mama alikigeuza mara moja tu. "Hii njo kitenge nilikupokelea siku ulizaliwa," aliniambia. "Hii iko ya kwako."

Nilikasirika tena, pale pale msibani. Angalisema! Miaka yote ile ya "bado", mdomo wake ungepungukiwa nini kusema ni mimi? Nikalia, na kusema kweli sijui kilio kilikuwa cha lipi.

Mama alileta jembe. Mwenyewe akishafika, kinazikwa, ndiyo desturi. Aliniuliza kama achimbe kando ya mgomba. Mimi siamini mambo haya. Kesho yake nilikuwa na safari ya kurudi Kisangani. Nikafungua mdomo nimwambie achimbe, na nililosema ni:

"Bado."

Vile vinne vilizikwa. Chuma kilikwenda kwa mhunzi. Kitako Sefu alikishona upya, kitovu changu kikiwa ndani, ananung'unika. Sasa mama ndiye anayekipaka mafuta, na nikimpigia simu, hata kabla sijamuuliza goti lake linaendeleaje, namuuliza kama amekipaka.