Dawa Tulizokopesha Masha

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa wanne katika stoo ya dawa ya zahanati yetu, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale: mganga mkuu Tumwine, nesi Furaha, mzee Bizimana mlinzi, na mimi, Nabintu, niliyeacha shule darasa la tano ili nilee wadogo zangu baada ya wazazi kufa. Tumwine alinipa kalamu. "Mama, dawa bila kadi ni dawa imeibwa."

Kadi ilikuwa karatasi ngumu, moja kwa kila dawa: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Iliyokaribia kuharibika ilitoka kwanza. Kila mwezi nilipeleka hesabu Mbarara, kwenye ofisi iliyotugawia dawa. Nilikuwa pia na daftari la mikopo, maana zahanati za huku ziliishi kwa kukopeshana. Jirani zetu wa zahanati ya Masha wakiishiwa dawa ya malaria walituma pikipiki. Tukiishiwa sisi, walitupa. Hakuna aliyengoja barua huku mtoto akitetemeka.

Miaka ikapita, kompyuta ikaja. Niliipenda. Hesabu iliyonichukua siku mbili ilifika Mbarara kabla chai haijapoa. Lakini ilijua mambo mawili tu: dawa imepokewa, au imepewa mgonjwa. Msimu ule wa mvua nilikuwa nimewakopesha Masha katoni kumi. Kompyuta ikaamini bado ziko rafuni, Mbarara wakatukatia mgao. Foleni ya watoto wenye homa ikafika barabarani.

Ofisa wa takwimu akaja kutoka Mbarara, mkali.

"Kompyuta nasema dawa iko mingi. Wewe mama nakula hii dawa?"

"Ningekula katoni kumi, ungenikuta ningali hai?" Furaha akacheka, kisha akaziba mdomo. Nikamuuliza ofisa: "Fasi ya kuandika dawa yenye tulikopesha iko wapi?"

"Hakuna. Andika imeharibika, tumechoma. Hesabu nakuja sawa, mzigo nakuja."

"Ile dawa imeponya watu. Siandiki kama imeoza."

"Basi kazi yako naisha."

"Iishe. Kalamu haitaandika."

Kesho yake nilipanda gari hadi Mbarara na daftari langu kifuani. Nilimfungulia mkuu wa ofisi ya dawa, ukurasa kwa ukurasa, kila mkopo na sahihi ya aliyepokea. Alisoma hadi mwisho, akaamuru mzigo upakiwe siku ileile. Baadaye wakaongeza kwenye kompyuta mstari wa mikopo. Vijana mnaoujaza leo, jueni haukuteremka kutoka mbinguni.

Ila mstari huo unadai kibali cha Mbarara, na kibali huchukua siku tatu. Mwezi wangu wa mwisho kazini, wakimbizi wapya wengi waliingia kituo cha mapokezi cha Kabazana na homa, rafu zetu zikabaki tupu. Nilipiga simu Masha. Katoni tatu zilifika ndani ya saa moja, bila kibali. Kwa hiyo kompyuta haizijui. Mimi nimestaafu kabla mgao haujafika, nami siwezi kuzirudisha kwa mkono mtupu. Wewe uliyekalia kiti changu: Masha wanatudai katoni tatu.